Kubadilisha Kiti cha Choo Nyumbani: Vipimo, Bolti Zenye Kutu na Ufungaji

Kiti cha choo kikipasuka, ufa wake hufunguka mtu anapokaa na kufumba anapoinuka, na ngozi ya paja ndiyo inayoumia. Hata kabla ya kufika hapo, kiti kilicholegea na kuteleza kushoto na kulia ni hatari kwa wazee na watoto, na mikwaruzo yake huhifadhi uchafu usiofikiwa na brashi. Kukibadilisha si kazi inayohitaji kumngojea fundi wa mabomba, kwa kuwa hakuna bomba linaloguswa wala maji yanayofungwa: kuna bolti mbili zinazopita kwenye matundu mawili yaliyo nyuma ya bakuli, na nati mbili zinazozikaza kwa chini. Ugumu unapotokea huwa na vyanzo viwili, navyo ni kununua kiti kisicholingana na bakuli, na kushindwa kuondoa bolti za zamani zilizoshikwa na kutu. Kwa hiyo maelezo mengi hapa yanahusu mambo hayo mawili; ufungaji wenyewe hauna mengi.

Kupima bakuli

Pima bakuli lenyewe, wala usipime kiti cha zamani, kwa maana huenda aliyekifunga kabla yako alilazimisha kisicholingana. Inua kiti na kifuniko, kisha utafute vipimo vitatu. Cha kwanza ni umbali kati ya matundu mawili ya bolti, ukipima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Cha pili ni urefu, yaani kutoka usawa wa katikati ya matundu hayo hadi ncha ya mbele ya bakuli. Cha tatu ni upana wa bakuli pale lilipo pana zaidi. Mabakuli ya mtindo wa Ulaya mara nyingi huwa na umbali wa takriban milimita 155 kati ya matundu, ilhali yale ya mtindo wa Marekani huwa na milimita 140 hivi, na urefu wa hayo ya Marekani hugawanyika katika makundi mawili: ya mviringo yenye takriban sentimita 42 na marefu yenye sentimita 47. Bawaba za viti vingi zinaweza kusogezwa kidogo ndani au nje, kwa hiyo tofauti ya milimita chache kwenye matundu haidhuru. Tofauti ya sentimita kadhaa katika urefu, kwa upande mwingine, haina dawa: kiti kifupi kitaacha ukingo wa bakuli wazi mbele, na kirefu kitatokeza nje bila cha kukishikilia na kuvunjika siku mtu mzito atakapokalia ncha yake.

Nairobi ina mchanganyiko wa kila aina. Nyumba za Buruburu, ambazo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, hazikuwekewa mabakuli sawa na yale ya maghorofa mapya ya Kilimani na Kileleshwa, ambako utakuta bakuli lenye umbo la herufi D au la pembe nne. Na hata ndani ya ploti moja ya Umoja au Kayole, choo cha ghorofa ya kwanza chaweza kutofautiana na cha ghorofa ya tatu, kwa kuwa kila bakuli lilipovunjika liliwekwa lililopatikana siku hiyo. Ukimwambia muuza duka akupe kiti cha kawaida, atakupa kile alicho nacho kwa wingi.

Kama huna kanda ya kupimia, au kama huamini hesabu zako, tumia gazeti. Litandaze juu ya bakuli, lipapase kwa kiganja hadi ukingo wa bakuli ujichore kwenye karatasi, ufuatishe mstari huo kwa kalamu, na utoboe pale penye matundu mawili ya bolti. Kata kwa makasi, ukunje, uende nayo dukani kama fundi cherehani aendavyo na ruwaza yake. Ukiweka kiti kipya juu ya karatasi hiyo, utaona papo hapo kama kinafuata umbo au kinapotoka. Piga pia picha mbili kwa simu, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, kwa sababu muuzaji mwenye uzoefu hutambua mengi kwa kuona umbo la nyuma ya bakuli.

Kabla ya kuinuka hapo, pitisha mkono chini ya sehemu ya nyuma ya bakuli, palipo na matundu. Ukigusa nati kwa vidole, choo chako hufungwa kwa chini, nacho ndicho cha kawaida katika nyumba nyingi. Ukikuta kauri tupu isiyo na nafasi ya kupenyeza mkono, kama ilivyo kwa mabakuli yaliyoshikamana na ukuta, basi unahitaji kiti kinachofungwa kwa juu, chenye vizibo vya raba vinavyotanuka ndani ya tundu. Tazama vilevile nafasi iliyopo kati ya matundu na tangi la maji. Kiti na kifuniko vinapoinuliwa lazima vilale nyuma kidogo kupita wima, la sivyo vitaanguka vyenyewe, na mwanamume anayetumia choo hicho atalazimika kukishikilia kiti kwa mkono mmoja muda wote. Kifuniko kinene katika nafasi finyu huleta kero hiyo.

Kuchagua dukani

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya mtaani huwa na aina mbili tatu tu. Ukikosa umbo lako hapo, maduka makubwa ya Industrial Area na yale ya katikati ya jiji upande wa River Road yana uteuzi mpana zaidi. Popote ununuapo, omba kufungua boksi kabla ya kulipa, uliza kama utaruhusiwa kukirudisha kisipotoshea, na uitunze risiti.

Viti vyenyewe ni vya aina tatu. Vya plastiki nyepesi ni vya bei ya chini na hustahimili kuangushwa, lakini hupinda katikati mtu anapokaa, na kupinda huko kwa kurudiarudia ndiko kunakoanzisha ufa. Vya duroplasti, ambayo ni plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa joto ikishaumbwa, ni vizito, havichubuki kwa urahisi na huonekana kama kauri. Ubaya wake ni kwamba vikidondoka kwenye sakafu ya vigae vinaweza kuvunjika vipande. Vya mbao, ambavyo vingi ni unga wa mbao ulioshindiliwa na kupakwa rangi, havina ule ubaridi wa asubuhi za Julai. Hata hivyo, mimi singemshauri mpangaji wa Nairobi kuvinunua, kwa sababu katika nyumba nyingi choo na bafu vimo ndani ya chumba kimoja, shawa ikiwa juu au kando ya choo, na kiti huloa kila mtu anapooga. Maji yakishapenya kwenye mkwaruzo mdogo wa rangi, mbao huvimba, rangi huambuka, na uvimbe huo haurudi.

Kitu kinachostahili kukaguliwa kuliko kiti chenyewe ni mfuko mdogo wa plastiki uliomo ndani ya boksi, wenye bolti, nati na washa. Bolti za chuma zilizopakwa rangi ya fedha hung'aa dukani, lakini mkojo, maji ya kuogea na dawa za kusafishia huzila, na baada ya muda utakuwa na tatizo lile lile linaloelezwa hapa chini. Beba sumaku ndogo, hata iliyong'olewa kwenye spika iliyokufa, uiguse bolti: chuma kilichopakwa tu huivuta kwa nguvu, ilhali chuma cha pua (kisichoshika kutu kwa urahisi) cha aina inayotumika sana kwa bolti hizi huvutwa kidogo mno au hakivutwi kabisa. Bolti za plastiki hazishiki kutu na siku ya kuzitoa hukatika kwa urahisi. Zinafaa, mradi kiti kisiwe kizito sana. Kama umekipenda kiti lakini bolti zake ni duni, waulize wauzaji wa bolti na nati, kama wale wa Kirinyaga Road wanaouza vipuri vya magari, wakupe za chuma cha pua zenye unene na urefu sawa na zile za boksi. Nenda na moja ya mfano.

Viti vinavyoshuka polepole vyenyewe vina kidude cha kupunguza mwendo ndani ya bawaba. Vinafaa katika nyumba yenye watoto wanaochelewa kutoa vidole, lakini vikisukumwa kwa mkono mara kwa mara hicho kidude kitaharibika, kisha kifuniko kitaanza kuanguka kwa kishindo kama kingine chochote. Vingine vina kitufe nyuma ambacho ukikibonyeza kiti kizima huchomoka, ukapata kusafisha matundu na bawaba. Hilo ni jambo la manufaa kuliko rangi au mapambo.

Kwa mpangaji, mjulishe mwenye nyumba au msimamizi wa jengo kwa ujumbe wa simu kabla ya kununua. Wengine hukubali kukata gharama hiyo kwenye kodi, na hata wasipokubali, ujumbe huo unaonyesha kwamba kiti cha zamani kilikuwa kimeharibika.

Kuondoa kiti cha zamani

Safisha choo kwanza, hasa sehemu ya nyuma ya bawaba, ambako uchafu hujificha chini ya vifuniko vya plastiki. Tumia dawa ya aina moja. Usichanganye Jik na dawa za choo zenye asidi, wala usimwage moja juu ya mabaki ya nyingine, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na choo cha ghorofa chenye kidirisha kidogo si mahali pa kuivuta. Suuza, kausha kwa kitambaa, vaa glavu za mpira, na uweke gazeti au gunia sakafuni chini ya matundu. Shusha kifuniko cha zamani, ili nati au washa itakayoponyoka isitumbukie ndani ya bakuli.

Bolti nyingi zimefunikwa kwa juu na vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo huinuliwa kwa bisibisi bapa. Chini yake utaona kichwa cha bolti chenye mfereji wa bisibisi. Shika nati kwa chini kwa spana au plaisi, ushikilie kichwa kwa bisibisi kwa juu ili bolti isizunguke pamoja na nati, kisha ulegeze. Hapa ndipo wengi wanapokaza badala ya kulegeza. Nati hulegea kinyume na mwendo wa mshale wa saa ukiitazama kutoka chini, ila wewe umeinama juu ya bakuli huku mkono ukiwa chini, na kwako wewe mwendo huo unaonekana kufuata mshale wa saa. Ikiwa huna hakika, weka simu sakafuni ikiwa imewasha kamera ya mbele, uone nati kwa chini kabla ya kutumia nguvu, ukikumbuka kwamba kamera hiyo mara nyingi huonyesha picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo.

Nati ikigoma, acha kuilazimisha mapema. Kauri ni ngumu lakini haipindi. Spana ikiteleza na kugonga bakuli, au ukikaza kwa mwelekeo usiofaa, bakuli laweza kutoka ufa, na hapo kazi ndogo inageuka kuwa ununuzi wa choo kizima pamoja na siku ya fundi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nyuzi za bolti, kwa chini na kwa juu, uache kwa nusu saa, au usiku kucha ikiwa kutu ni nyingi, kisha ujaribu tena kwa kuzungusha mbele kidogo na nyuma kidogo. Usimwagie maji yanayochemka kwa kutarajia kuilainisha: kauri iliyo baridi ikipata joto la ghafla yaweza kupasuka. Na usigonge bolti kwa nyundo, hata kwa upole.

Mafuta yakishindwa, kata. Hii ndiyo njia ya hakika, na haina sababu ya kuogopwa. Bandika kwenye kauri, kuzunguka bawaba, matabaka mawili ya ile tepu ya karatasi inayotumiwa na wapaka rangi, na juu yake uweke kipande cha katoni au cha bati jembamba. Chukua ubavu mtupu wa msumeno wa kukatia chuma, yaani kile kipande chembamba chenye meno, bila fremu yake, kwa kuwa fremu haiingii mahali hapo. Uvingirishe kitambaa upande mmoja upate pa kushika, na uupenyeze kati ya bawaba na bakuli, ambako mara nyingi kuna kipande cha raba au plastiki kitakachokatika kwanza. Vuta na kusukuma kwa mwendo mrefu wa taratibu, ubavu ukiwa umelala sambamba na kauri. Bolti ya plastiki hukatika upesi. Ya chuma hukawia, na ubavu hupata moto, kwa hiyo pumzika na uudondoshee mafuta. Utajua unakaribia mwisho pale sauti inapobadilika kutoka mkwaruzo mzito kuwa mwembamba, na bawaba inapoanza kutikisika chini ya kiganja. Hapo punguza nguvu, ili ubavu usiruke na kuchora kauri. Vaa miwani, kwa sababu vumbi la chuma huruka.

Bolti ikishakatika, sehemu ya chini huanguka na nati yake. Okota vumbi lote la chuma kwa kitambaa chenye maji, kwani likibaki kwenye unyevu huacha madoa ya kahawia juu ya bakuli ambayo hayatoki kirahisi. Kisha usugue matundu yote mawili ndani na nje kwa mswaki wa zamani na sabuni. Nafasi hii haitapatikana tena mpaka kiti kibadilishwe upya.

Kufunga kipya

Panga vifaa vyote kwenye gazeti kama vinavyofuatana: bolti, bawaba, kipande cha raba cha kukaa kati ya bawaba na kauri, kisha kwa chini washa ya raba au ya plastiki, na mwisho nati. Chuma kisigusane na kauri popote. Kila mahali pa kugusana pawe na raba au plastiki. Washa za chini zikiwa na umbo la pia, ncha nyembamba huingia juu ndani ya tundu ili kuishikilia bolti katikati.

Teremsha bolti zote mbili na uzungushe nati kwa vidole tu, hadi zishike bila kubana. Matundu ya bakuli ni mapana kuliko bolti, na upana huo umewekwa makusudi ili kiti kiweze kusogezwa. Kwa hiyo shusha kiti, chuchumaa mbele ya choo, na utazame kama kinaacha nafasi sawa kushoto na kulia, na kama ncha yake ya mbele inafunika ukingo wa bakuli bila kutokeza mno. Sogeza hadi uridhike. Inua kiti na kifuniko, uviachilie, uone kama vinasimama vyenyewe. Angalia pia vile vijiguu vidogo vya raba chini ya kiti: vyote viguse bakuli, kwa sababu kimoja kikielea, kiti kitapinda mahali hapo kila mtu anapokaa, na ufa utaanzia hapo.

Ukisharidhika, kaza nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, huku mtu mwingine au goti lako likikishikilia kiti kisihame. Ikiwa nati ni za plastiki zenye masikio mawili, nguvu ya vidole inatosha. Ikiwa ni za chuma, kaza kwa vidole hadi mwisho, kisha uongeze robo ya mzunguko kwa spana, na nusu ikiwa bado kiti kinateleza. Usizidishe hapo. Mtu anayetaka kiti kisicheze kabisa na anaendelea kukaza ndiye anayesikia mlio mkavu wa kauri ikipasuka. Kiti kikiendelea kuteleza licha ya nati kubana, tatizo liko kwenye msuguano, nalo halitatuliwi kwa kukaza: toa bawaba, kausha kauri vizuri, na uongeze washa nyembamba ya raba chini yake. Ya kukatwa kutoka tyubu ya baiskeli hufanya kazi hiyo vizuri.

Kwa kiti kinachofungwa kwa juu, tumbukiza vizibo vya raba kwenye matundu vikiwa vikavu, weka bawaba, na uzungushe skrubu kwa bisibisi. Skrubu huvuta nati ndogo iliyo chini ya kizibo, raba hubanwa na kutanuka ndani ya kauri. Mwanzoni kizibo chaweza kuzunguka pamoja na skrubu. Kivute juu kidogo kwa bawaba huku ukizungusha, na kitashika. Panga kiti sawasawa kabla ya kukaza kwa mwisho, kwani raba ikishatanuka haisogei.

Baada ya kufunga

Raba hubonyea kwa uzito wa watu, na nati iliyokuwa imebana huachia kidogo. Rudi baada ya wiki moja hivi, ukaze tena kwa kipimo kile kile. Wakati wa mgao wa maji, wanaojaza tangi au kumwagia choo kwa ndoo wasitue ndoo juu ya kiti wala juu ya kifuniko; ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na chini yake ni nyembamba kuliko makalio ya mtu, hivyo uzito wote hukaa mahali padogo. Kifuniko hakikuundwa kusimamiwa na mtu anayebadilisha balbu.

Kwa kusafisha, kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha. Jik isiyozimuliwa ikiachwa juu ya bawaba hula hata chuma cha pua, na hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano.

Kiti cha zamani usikichome, kwa kuwa moshi wa plastiki hudhuru. Katika nyumba ya kupanga, kioshe na ukihifadhi kwenye mfuko mpaka msimamizi wa jengo akione, upige picha ya ufa wake, na ikiwa kipya umekinunua kwa fedha zako bila kurudishiwa, mkubaliane mapema kama siku ya kuhama utakiacha au utakifungua uondoke nacho.